QueenArrow alipasua njia, lakini kijana wa Rabai atapitia wapi?

Ukimwambia mama yako pale Rabai kwamba unataka kuishi kwa kupigana ndani ya PlayStation, atakuuliza swali moja tu: hizo ngumi zinalipa? Wengi wetu hununa tukiulizwa hivyo. Hakuna haja ya kununa. Swali ni la maana, na kuna Mkenya ambaye safari yake inatusaidia kulijibu.

Jina lake ni Sylvia Gathoni, ila kwenye gemu anaitwa QueenArrow. Mwaka 2018, akiwa bado mwanafunzi wa sheria, alisajiliwa na XiT Woundz, timu ya Marekani, kuichezea Tekken 7. Wakati huo wachezaji wa gemu wa huku kwetu hawakuwa wakisajiliwa na timu za nje hata kidogo, ndiyo maana magazeti yalimwandika sana. Baadaye alivaa jezi ya UYU, timu nyingine ya Marekani, na Red Bull nayo ikamchukua kuwa mwanamichezo wake. Msichana wa Kenya, padi mkononi, mikataba mezani. Noma sana.

Sasa hapa ndipo wengi huteleza. Wanaona mkataba, wanadhani ni pesa za vikombe. QueenArrow hajawahi kubeba ubingwa wa dunia. Alichojenga ni jina: anacheza, anaonyesha michezo yake mtandaoni, anahojiwa, anaongea kuhusu gemu kwa watu wasiojua hata padi inashikwaje. Kampuni hulipia jina hilo. Na wakati anajenga jina hilo, vitabu vya sheria havikutupwa. Mimi chuo sikumaliza, kwa hivyo usidhani nakuhubiria digrii. Nasema tu kwamba alikuwa na mguu mmoja nchi kavu.

Tuangalie pesa zenyewe. Mashindano makubwa ya gemu za kupigana huitwa Evo, na kwa miaka mingi yamefanyika Las Vegas. Utaratibu wake wa zamani ulikuwa rahisi: kila mshiriki anaweka dola 10 kwenye chungu, bingwa anaondoka na asilimia 60. Gemu ikiwa na washiriki 2,000, bingwa anapata kama dola 12,000. Si haba, lakini umewapiga watu kutoka dunia nzima! Linganisha na Dota 2, ambapo mwaka 2019 timu ya OG, wachezaji watano, iligawana zaidi ya dola milioni 15 kwa ubingwa mmoja.

Ni kweli mambo yameanza kubadilika. Februari 2024, UMA wa Taiwan alishinda Capcom Cup ya Street Fighter 6 akapewa dola milioni moja. Saudi Arabia nayo imemwaga pesa kwenye Kombe la Dunia la Esports mjini Riyadh. Lakini milioni ile ilimwendea mtu mmoja. Wa pili hakupata hata nusu yake. Ukipanga maisha kwa hesabu ya wa kwanza, umenunua tikiti ya bahati nasibu.

Kabla ya pesa, kuna ukuta mwingine: muda. Tekken huenda kwa fremu 60 kila sekunde, na ngumi ya haraka huchukua fremu 10, yaani sehemu moja ya sita ya sekunde. Ukiwa Rabai unacheza na mtu wa London, ujumbe kwenda na kurudi hula zaidi ya milisekunde 100. Hizo ni fremu sita. Programu za kisasa hujaribu kukisia na kufidia, lakini haziwezi kuufupisha umbali wenyewe. Ndiyo maana kijana anayetegemea intaneti peke yake hujifunza gemu iliyopinda: anazoea mapigo ambayo hufaulu kwa sababu ya uzito wa mtandao, kisha akikaa bega kwa bega na mchezaji halisi anashangaa yote yanazuiwa.

Cha kuchekesha ni kwamba Rabai haiko mbali na mitambo yenyewe. Nyaya za intaneti za chini ya bahari, kama SEACOM tangu 2009, zinatua Mombasa, mwendo wa matatu tu kupitia Mazeras. Rabai ina kiwanda cha umeme cha megawati 90, na laini kubwa ya umeme ya kwenda Nairobi inaanzia hapo hapo. Lakini kuwa jirani na mtambo hakukuhakikishii stima kibandani wala bando mfukoni. Na Mei 2024, EASSy na SEACOM zilipokatika karibu na Afrika Kusini, Afrika Mashariki nzima iliona mtandao ukitambaa.

Basi kijana wa mahali kama hapa atafikaje juu? Jibu bora ninalolijua limetoka Pakistan.

Februari 2019, Arslan Ash, kijana wa Lahore ambaye karibu hakuna aliyemjua nje ya kwao, alifika Fukuoka kwa Evo Japan baada ya safari iliyojaa shida za viza na ndege. Akashinda Tekken 7. Watu wakasema kabahatisha. Yeye akasema kwao kuna wengine wakali vilevile. Knee, gwiji wa Korea Kusini, akafunga safari mpaka Pakistan kwenda kujionea. Agosti mwaka huo, Las Vegas, Arslan akampiga Knee huyo huyo kwenye fainali ya Evo. Akachukua tena Evo 2023 na 2024. Na yale maneno yake kuhusu wenzake hayakuwa majigambo: Mpakistani mwingine, Atif Butt, alitwaa fainali za Tekken World Tour zilizofanyika Amsterdam mwaka 2023.

Pakistan haikuwa na intaneti ya ajabu wala wafadhili wa kutisha. Ilikuwa na vibanda. Watu walewale, kila siku, wakipigana uso kwa uso, anayeshindwa anainuka, anarudi kesho na dawa. Bingwa alitoka kwenye kundi, na kundi lilikuwepo kabla ya bingwa. Sisi Kenya tumefanya kinyume: tumempata nyota, tukasahau kumjengea kundi nyuma yake.

Hapo ndipo naiona Rabai. Vibanda tunavyo, lakini mara nyingi ni soka asubuhi mpaka usiku. Mortal Kombat huwekwa watu wakisubiri zamu, na mchezaji mmoja mkali wa mtaa anawapiga wote mpaka anakosa wa kumfundisha kitu. Mwanangu, ukiwa bingwa wa kibanda kimoja kwa mwaka mzima, jua umeacha kukua. Unachohitaji ni mtu wa kukupiga.

Na dawa yake haihitaji mfadhili. Chukua ule utaratibu wa Evo uushushe mtaani. Vijana 16, bob 50 kila mmoja, ni Sh800. Bingwa anachukua asilimia 60, Sh480. Wa pili na wa tatu wanagawana zinazobaki, na mwenye kibanda analipwa muda wake kama kawaida. Matokeo yaandikwe ukutani kila wiki, jina kwa jina, ili wazee wasidhani ni kamari na ili kila mtu aone nani anapanda. Jumapili moja waalikeni wa Mazeras na Mariakani. Mwezi ujao pandeni matatu mkawatafute wa Mombasa. Tekken 7 inacheza kwenye PS4 kuukuu, haikulazimu kununua Tekken 8, ambayo ilitoka Januari 2024 kwa dola 70, karibu Sh9,000.

Kundi likishakuwepo, ndipo ukuta wa mwisho unaanza kuwa na maana: safari. Ombi la viza ya kutembelea Marekani ni dola 185, na ukinyimwa hazirudi. Ofisa wa viza atakuuliza una nini nyumbani cha kukurudisha. Kijana asiye na kazi, anayesema anakwenda kucheza gemu, atahangaika kujibu. Hapa ndipo shirikisho la esports na kaunti ya Kilifi wanaweza kusaidia kwa kitu chepesi kuliko pesa: barua, orodha rasmi ya wachezaji, matokeo yaliyohifadhiwa. Timu ya soka ikisafiri hupewa barua. Mbona sisi tusipewe?

Na ukianza kupata ganji za mtandaoni, kumbuka sheria ya fedha ya 2023 inakata asilimia 5 ya mapato ya maudhui ya dijitali. Serikali ishakubali kwamba hii ni kazi. Kukata imeweza, kulea ndiyo bado.

Kwa hivyo mama akikuuliza kama hizo ngumi zinalipa, usimrushie jina la QueenArrow halafu ukatoka mbio. Mwambie ukweli: zinawalipa wachache, na hata hao hulipwa zaidi kwa jina kuliko kwa kikombe. Mwambie unaendelea na kozi au kibarua chako, na jioni unafanya mazoezi na watu 15 ambao majina yao yako ukutani. Kama ukuta huo bado hauna jina hata moja, basi anza na kalamu.