Moshi wa haisi ya mjomba

Najua nimepotea sana hapa. Kwanza mitihani, halafu nilivyotoka tu kwenye pepa ya mwisho nikakimbilia basi la Bariadi, na kwetu ukifika unapewa jembe, hupewi muda wa kukaa na kompyuta. Sasa nimerudi Mabibo, rumeti kalala, na mimi nina jambo limenikaa kifuani. Kifuani kweli kweli, maana ni habari ya moshi.

Mjomba wangu ana haisi. Wale mliowahi kwenda Bariadi mkitokea Mwanza mnajua, unashuka Lamadi kwenye barabara kuu ya kwenda Musoma halafu unatafuta usafiri wa kuingia ndani. Mjomba ndio huo usafiri wenyewe. Haisi yake ni ya mwaka 1996, injini ya dizeli ile 3L, na mlangoni bado ina maandishi ya Kijapani ambayo konda huwaambia abiria kwamba ni jina la babu yake. Gari hiyo imenisomesha. Tranka, godoro, nauli za kwenda na kurudi shule, hata hela ya kuanzia maisha hapa chuo kabla boom halijatoka, vyote vimetoka kwenye vile viti vya kubanana.

Mama mdogo naye anauza chai na chapati stendi. Anafika saa kumi na moja alfajiri, muda uleule madereva wanapowasha magari. Injini ya dizeli ikiwa ya baridi inatoa moshi mweupe unaochoma macho, kisha dereva anaanza kukanyaga mafuta ili ipate moto, unatoka mweusi. Na ikishawaka haizimwi mpaka abiria wajae. Hapo ni nusu saa, wakati mwingine saa nzima. Likizo hii nilikuwa namsaidia kusukuma chapati, siku ya tatu nikapenga kamasi, leso ikawa nyeusi. Yeye anakohoa tangu mwaka juzi. Amepimwa kifua kikuu mara mbili, hana. Sisemi ni haisi peke yake, jiko la mkaa nalo lina sehemu yake. Lakini tangu mwezi Juni 2012 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO limeuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu bila ubishi, kundi moja na sigara na asbesto. Nilipomsomea hilo mama mdogo akasema, "Sasa mwanangu nikauzie wapi, porini?"

Nimemsimulia rumeti (anasoma injinia, kila kitu kwake kina jibu la mstari mmoja) akasema dawa ni kupiga marufuku magari ya zamani. Kenya hawaingizi gari lililozidi miaka 8. Uganda mwaka 2018 walitunga sheria ya kukataa kuingiza yaliyozidi miaka 15. Sisi hatukatai, tunamwongezea tu ushuru mwenye gari kuukuu. Kwa hiyo na sisi tukatae, kwisha.

Mimi hapo sikubaliani, na sababu ni hadithi ya Tokyo.

Mwaka 1999 gavana wa Tokyo, Shintaro Ishihara, alisimama mbele ya waandishi wa habari na chupa ya plastiki yenye masizi ya dizeli, akaitikisa ili watu waone wanachovuta. Akaanzisha kampeni ya kupinga magari ya dizeli. Tarehe 1 Oktoba 2003 Tokyo na mikoa jirani ikaanza kuzuia malori na mabasi ya dizeli yasiyotimiza kiwango cha masizi. Serikali kuu nayo ilikuwa imeshakaza sheria yake ya mwaka 1992, kwamba gari la dizeli likifikisha umri fulani bila kutimiza viwango, kwenye miji mikubwa halisajiliwi tena. Hewa ya Tokyo ikawa safi. Yale magari je? Yaliyochongwa vyuma chakavu yalichongwa, na mengine yakapandishwa meli. Haisi, Coaster, Rosa, mnazijua. Gari lililofukuzwa mjini kwao kwa sababu ya moshi ndilo tunalishangilia huku kwamba ni "dizeli ya Mjapani, haifi".

Na si Japani peke yake. Ripoti ya UNEP ya mwaka 2020 ilihesabu magari madogo yaliyotumika milioni 14 yaliyouzwa nje na Ulaya, Marekani na Japani kati ya 2015 na 2018, na asilimia 40 yalikuja Afrika. Kwa hiyo mtu anaponiambia kanuni za moshi zinasafisha hewa, mimi namuuliza hewa ya nani. Sheria inayoishia bandarini inahamisha moshi tu.

Halafu tusidhani wenzetu ni malaika. Septemba 2015 Wamarekani waliwashika Volkswagen wameweka programu kwenye injini za dizeli inayotambua gari linapokuwa kwenye kipimo. Likiwa maabara linajifanya safi, likitoka barabarani linamwaga oksidi za naitrojeni hadi mara 40 ya kiwango. Magari milioni 11 duniani, jamani! Mjomba nilipomwambia alicheka mpaka akakaa chini. "Mimi moshi wangu kila mtu anauona," akasema. "Sijamficha mtu."

Ana hoja yule mzee. Haisi yake haina kompyuta ya kudanganya nayo. Ni pampu ya kizamani, nozo nne na filta ya hewa. Na moshi mweusi kwenye injini ya namna hiyo maana yake ni rahisi sana, mafuta mengi kuliko hewa. Nozo zimechoka zinamwaga matone badala ya kupuliza ukungu, au filta imejaa vumbi (na vumbi la kwetu kiangazi mnalijua), au fundi amefungulia pampu ili gari lipande mlima likiwa limejaza watu. Huo moshi ni dizeli aliyoilipia ambayo haijaungua. Yaani anachoma hela yake mwenyewe halafu mama mdogo anaivuta.

Upande wa mafuta tumepiga hatua na watu hawasemi. Mnakumbuka uchakachuaji? Mafuta ya taa yalikuwa bei rahisi, watu wakawa wanayachanganya na dizeli. Mwaka 2010 EWURA wakaleta vinasaba vya kugundua mafuta yaliyochezewa, na bajeti ya 2011 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili faida ya kuchanganya ife. Ikawaumiza wenye vibatari, hilo nalo tuliseme. Kisha Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zikahamia kwenye dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Hiyo si habari ndogo. Salfa ikipungua na masizi yanapungua kidogo hata kwenye gari bovu, na gari jipya lenye chujio kwenye ekizosi linaweza kuishi. Ila huku mtaani tukinunua gari lenye chujio au masega, cha kwanza tunampelekea fundi ayatoe "lipumue". Hata michomoko ya petroli wanafanya hivyo. Rumeti aliponisikia nasema hivi alinyamaza, kumbe baba yake ametoa masega.

Kwa hiyo mimi nataka nini? Sitaki haisi ya mjomba ikataliwe kesho asubuhi. Ikiondoka, ile njia haitaletewa basi la umeme. Mgonjwa wa kijijini atapanda bodaboda, na bodaboda wawili watatu kwenye pikipiki moja tunajua mwisho wake. Nataka moshi uangaliwe. Trafiki wanakagua matairi, taa, breki, wiki ya Nenda kwa Usalama wanabandika stika. Moshi mweusi hauhitaji hata mashine kwa kuanzia, mwambie dereva akanyage mafuta gari likiwa limesimama uone. Sheria ya mazingira tunayo tangu 2004, kanuni za ubora wa hewa tangu 2007. Karatasi zimetosha.

Ila isiwe faini. Hapa najua wengine mtanibishia. Faini ya elfu thelathini dereva anaiingiza kwenye hesabu ya siku kama anavyoingiza mafuta, analipa, anaendelea kufuka. Mpe siku saba aende gereji, arudi kuonyesha. Akishindwa, gari lipaki. Na kwa anayeingiza gari lenye masega au chujio, ukaguzi wa kila mwaka uulize vipo wapi. Huyo ana hela kuliko mjomba.

Na stendi injini zizimwe. Hili halihitaji hata Bunge.

Nilimwambia mjomba hili la kuzima, jioni moja tukiwa tunahesabu chenji. Nikaanza kwa adabu zote, "Shikamoo mjomba, naomba nikuulize kitu." Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mpwa wangu, nikizima haiwaki. Betri imechoka, plagi za kuchemshia mbili zimekufa. Itabidi isukumwe. Utasukuma wewe?"

Nikasukuma. Siku nne mfululizo mimi, konda na mpemba mmoja wa duka la vipuri tulikuwa tunaisukuma ile haisi kutoka mbele ya meza ya mama mdogo, abiria wakiwa ndani wanatucheka. Siku ya tano mjomba akanunua betri. Hakusema kitu, nilikuta tu ipo. Filta ameipuliza. Nozo kupimwa na kubadilishwa zote nne amesema mpaka pamba ianze kuuzwa, watu wakiwa na hela ya nauli, kwa sasa hana.

Mama mdogo amehamisha meza upande wa pili wa stendi, upepo unakotokea. Wateja wamepungua kidogo. Jana nimempigia nikamuuliza kikohozi, akaniambia kwanza nimwambie kama nimekula.

Haya, boom halijatoka na kafeteria wanafunga. Nikipata habari za nozo nitawaambia.