Bodi Zitoke Kabatini

Nasema mapema ili tusizungushane: bodi za mikrokontrola zilizofungiwa ndani ya miradi ya zamani zitolewe, zipimwe, ziazimwe kwa wanafunzi kama vitabu vya maktaba.

Idara yetu ina kabati lililojaa miradi ya mwaka wa nne. Kuna mita ya maji, kengele ya mlangoni, mashine ya kumwagilia bustani. Mingi imebeba bodi ileile, ESP32, na haijawashwa tena tangu siku ya kupresenti. Halafu msimu wa miradi ukifika, mwanafunzi mwingine anahesabu bumu lililobaki, anapanda daladala kwenda Kariakoo kununua bodi hiyohiyo. Jamani, hii ni akili kweli?

ESP32 ilitolewa mwaka 2016 na kampuni ya Espressif ya Shanghai. Ndani ya bodi moja ya kukaa kiganjani unapata prosesa, Wi-Fi na Bluetooth. Ukitaka kuibadilishia kazi, unachomeka waya wa USB, unaingiza programu mpya, basi. Asubuhi inaweza kuwa mita ya maji na jioni ikawa kengele. Programu yake unaweza kuifuta na kuiandika upya maelfu ya mara. Sisi tunaiandika mara ya mwisho, tunaipiga gundi na kuizika.

Anayeumia ni mwenzetu mwenye bodi moja tu. Pini za ESP32 ni za volti 3.3. Aliyezoea volti 5 za Arduino Uno akikosea kidogo, anaweza kuiua palepale, na mradi ukafa nayo. Hapo ndipo anamkumbuka yule jamaa anayeuza miradi iliyokamilika, programu ikiwa ndani. Tunawasema sana wanaonunua miradi, lakini mtu anayeogopa kuunguza bodi atajaribu nini? Na bila kujaribu atajifunza nini?

Maana mengine utayajua ukiwa nayo mkononi. Ukiwasha Wi-Fi, pini za kundi la ADC2 hazisomi tena kihisi chako sawasawa, na unaweza kukesha ukidhani kihisi ndicho kibovu. Vilevile, chipu ikilala usingizi mzito hutumia umeme kidogo mno, lakini bodi nzima inaweza kuendelea kula betri kwa sababu ya kataa kake kasikozimika na saketi ya kupunguza volti.

Najua watakaosema zitaibiwa na zitaungua. Sawa. Vitabu navyo hupotea, na hatujafunga maktaba. Mwazimaji aandikwe namba yake ya usajili, aweke amana ndogo, na bodi ikirudi ipimwe pini kwa pini kwa programu fupi. Ikiungua kwenye majaribio ya kweli, tusimkamue mtu mmoja.

Wengine watasema mradi ni ushahidi wa mtihani. Ni kweli, mpaka matokeo yapitishwe. Baada ya hapo zibaki picha, mchoro wa saketi na programu yenyewe. Anayekuja nyuma atafaidika zaidi na hivyo kuliko boksi asiloruhusiwa kulifungua.

Mwaka wa nne, tuna la kufanya hata kabla idara haijajibu. Tusichomelee bodi kwa risasi moja kwa moja kwenye saketi. Tuchomelee soketi, bodi ichomekwe juu yake, ili kesho ichomoke nzima. Na tukimaliza, anayeweza aiache kwa hiari. Wengi wetu tumezinunua kwa hela zetu, kwa hiyo asilazimishwe mtu.

Serikali ya wanafunzi nayo ilipeleke suala hili kwa idara kabla supavaiza hawajagawa vichwa vya miradi. Kuanzia, hatuombi bajeti. Tunaomba ufunguo wa kabati, daftari la kuazimia na mtu wa kulisimamia.