Mtu Mzima Atasoma Saa Ngapi?

Nchi zilizoendelea kwa viwanda husifiwa kwa vyuo vikuu vyake. Ni mara chache huulizwa lililo gumu zaidi: mtu mzima mwenye kazi na watoto husoma saa ngapi, na saa hiyo hulipiwa na nani?

Uchunguzi wa stadi za watu wazima uliotangazwa na OECD mwaka 2013 ulionyesha kwamba katika Sweden, Norway, Denmark na Finland, zaidi ya watu wazima 60 katika kila 100 walikuwa wamepata mafunzo ya namna fulani ndani ya mwaka mmoja. Italia, ambayo nayo ni nchi ya viwanda, walikuwa kiasi cha 25. Basi viwanda peke yake havimfundishi mtu.

Tofauti imo katika sheria na fedha. Vikundi vya kujisomea vya Sweden vilianza mwaka 1902, na mwaka 1947 vikapata ruzuku ya Serikali. Sheria ya mwaka 1974 ikampa mfanyakazi haki ya kwenda masomoni na kurejea kazini pake. Ufaransa, kwa sheria ya mwaka 1971, iliwabana waajiri watenge sehemu ya fungu la mishahara kwa mafunzo. Huko kisomo hakikuachiwa hisani ya mtu.

Tanzania haikuwa nyuma katika fikra hizo. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Na hata kabla ya hapo, mradi wa UNESCO ulioanza mwaka 1968 ulikwisha fika mikoa ya Ziwa, Mara ukiwamo, ukifundisha kusoma kwa vitabu vya pamba, uvuvi na ufugaji. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu wapatao milioni 2 kuizunguka redio. Kwa hesabu za Serikali, wasiojua kusoma walipungua kutoka asilimia 67 mwaka 1967 hadi asilimia 9.6 mwaka 1986. Kisha fedha zikapungua, walimu wa kujitolea wakachoka, na sensa ya mwaka 2012 ikakuta zaidi ya mtu mzima mmoja kati ya watano hajui kusoma. Kampeni ilikuwa na ari kubwa. Haikuwa na fungu la kudumu.

Ni kweli kwamba mwaka 1983 Tanzania iliridhia Mkataba Na. 140 wa Shirika la Kazi Duniani, unaohusu likizo ya masomo yenye malipo. Lakini likizo ni ya mwenye mwajiri. Katika kijiji cha Kewanja, wilayani Tarime, mkulima na mfugaji hawana wa kumwomba likizo. Kijiji hicho kinapakana na mgodi wa dhahabu wa North Mara, ulioanza uzalishaji mwaka 2002. Aliyejifunza herufi kwa kitabu cha pamba sasa yumkini ataletewa fomu ya uthamini wa shamba lake, yenye hesabu za eneo, mazao na fidia, naye atakiwe kutia sahihi. Kujua kuandika jina hakutoshi hapo. Tena ni hatari, kwa kuwa sahihi humfunga hata asiyeelewa alichokitilia sahihi.

Mtu huyo hahitaji kurudishwa kwenye a, e, i, o, u. Anahitaji kisomo cha kujiendeleza: Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, vipimo vya eneo, jinsi ya kuweka pingamizi. Mwalimu wa shule ya msingi anaweza kufundisha hayo jioni, ila si bure na si kwa amri tu, baada ya kutwa nzima mbele ya darasa lililojaa.

Halmashauri ya Wilaya ya Tarime hupata ushuru wa huduma kutokana na mgodi huo. Fedha za namna hiyo hujenga madarasa, na ni vyema. Madiwani wakae watenge, kwa sheria ndogo na si kwa ahadi, fungu la kuyawashia taa madarasa hayo jioni mbili kwa juma na kumlipa mwalimu saa zake.