Mabibo yanaozea shambani

KALAMU YA KUSINI
Na Mwanahawa Nachundu

Msimu wa korosho ukifunguliwa Mtwara na Lindi, swali ni moja tu: mnadani wametoa bei gani? Ni haki ya mkulima kuuliza. Amepuliza salfa kuukinga mti na ugonjwa wa ubwiriunga, amepalilia, na madeni yanamsubiri. Ila wakati macho yote yako ghalani, kuna mali nyingine inaoza chini ya mikorosho.

Korosho hukua chini ya bibo, tunda la mkorosho, lenye uzito wa mara tano hadi kumi ya uzito wake. Msimu wa 2017/18 nchi ilivuna zaidi ya tani 300,000 za korosho ghafi. Piga hesabu mwenyewe: mabibo ya msimu ule hayakupungua tani milioni moja na nusu! Watoto walikula, mengine yakawa pombe ya uraka, mengine yakakaushwa kwa ajili ya gongo. Mengi mno yaliachiwa nzi. Na hili ni tunda linalolishinda chungwa kwa vitamini C, katika mikoa ambayo watoto wake wanaihitaji.

Wareno waliutoa mkorosho Brazil karne ya 16. Huko Brazil, hasa kaskazini-mashariki, juisi ya bibo ni kinywaji cha kawaida madukani. Goa, India, hutengeneza kwa mabibo pombe iitwayo feni, nayo tangu 2009 inalindwa kisheria kuwa bidhaa ya Goa. Sisi hatukukosa ujuzi. Watafiti wetu wa kituo cha kilimo cha Naliendele, Mtwara, wamekuwa wakifundisha vikundi kutengeneza juisi, jemu na mvinyo wa mabibo. Hata ule ukakasi unaokereketa koo una dawa nyepesi: wanga kidogo uliopikwa, changanya, acha utuame, chuja.

Tatizo ni muda. Bibo lililoanguka leo, kesho limeanza kuchacha, na njiani kwenye lori linapondeka. Ndiyo maana siamini ahadi za kiwanda kikubwa mjini. Likamuliwe kijijini, siku ile ile, karibu na ghala la chama cha msingi cha ushirika ambako mkulima anapeleka korosho zake hata hivyo.

Halmashauri zetu hukusanya ushuru wa korosho kila msimu. Madiwani watenge sehemu yake kununua mashine za kukamulia na vyombo vya kuchemshia juisi, wawakabidhi akina mama wanaookota mabibo hayo kila asubuhi ili kunyofoa korosho. Vifike vijijini kabla ya Oktoba, msimu unapofunguliwa.