Ngome Hizi Zilimwogopa Nani?

Kila zinapofika siku za mapumziko, jumuiya za Waswahili hapa Oman hukodi mabasi kuelekea Nizwa, Bahla na Jabrin. Biriani hutangulia ndani ya masufuria, na watoto hufuata. Ni jambo jema, hatuna neno nalo. Tunachokipinga ni masimulizi yanayoandamana na ziara hizo, ambayo sasa yamekuwa kama dua ya kufungia kikao: kila mtu anaitikia amin na hakuna aliyesikiliza. Eti Wareno walikuja wakadhulumu, Maimamu wakajenga ngome wakawafukuza, kisha wakavuka bahari kwenda kuwakomboa ndugu zao wa Mombasa. Basi, picha, chai, turudi Maskati.

Masimulizi hayo hayasimami hata mbele ya kuta zenyewe. Sisi tuliosomea uhandisi tunajua kwamba swali la kwanza la jengo lolote ni mzigo gani lilijengwa kuubeba. Mzigo wa ngome ni adui. Ukitazama unene wa ukuta, uelekeo wa mizinga na mahali pa mlango, utajua mwenye nyumba alimwogopa nani, hata kama mwongoza watalii amekwambia mengine.

Tuanze na Nizwa. Mnara wake mkubwa una kipenyo cha zaidi ya mita 40, na karibu nusu ya kimo chake umejazwa udongo na mawe ili uvumilie kishindo cha mizinga, ya adui na ya wenyewe. Juu kuna matundu 24 yaliyozunguka duara zima, hakuna upande uliosahauliwa. Ngazi za kupandia zinapinda kila hatua chache, kila pindo lina mlango, na juu ya mlango pana tundu la kummwagia anayeingia asali ya tende iliyochemka. (Watoto hulipenda tundu hilo kuliko dari na makabati yote ya makumbusho, na hatuwalaumu, ndilo fundisho bora la siku nzima.) Ni kazi ya mafundi hasa. Aliyeujenga ni Imamu Sultan bin Seif al-Yaarubi, baada ya kuwatoa Wareno Maskati mwaka 1650.

Soma tena: baada ya kuwatoa. Na Mreno hata siku zake za nguvu alikuwa mtu wa bandari. Alishika Maskati, Matrah, Qurayyat, Sohar. Huku ndani, nyuma ya milima, hakuwahi kutawala. Basi mizinga ile inayotazama soko, mashamba ya mitende na njia za mabondeni ilikuwa ikimngojea nani? Ilimngojea Muomani mwenziwe. Imamu alijua vizuri alikokuwa akiishi.

Nenda Jabrin, utaliona hilo waziwazi zaidi. Jumba lile alilijenga Imamu Bil'arab bin Sultan, mwana wa yule wa Nizwa, na ni katika majengo mazuri kabisa ya nchi hii: dari zilizochorwa maua, vyumba vya kusomea, ghala la tende lenye mifereji ya kukusanyia asali. Kaburi lake limo humo humo, upande wa chini. Watu hupita mbele yake wakasoma fatiha, wakaendelea. Ni wachache wanaouliza kwa nini Imamu azikwe ndani ya nyumba yake. Jawabu ni kwamba alifia humo akiwa amezingirwa, na aliyemzingira ni nduguye, Seif bin Sultan. Hiyo ilikuwa mwaka 1692. Miaka minne baadaye, Machi 1696, majeshi ya Seif huyo huyo yalifika Mombasa kuizingira Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593.

Hapa ndipo masimulizi ya ukombozi yanapotuudhi zaidi, maana yanatufuta sisi wenyewe. Mzingiro ule ulichukua miezi 33, hadi Desemba 1698. Kufikia mwisho wa Agosti 1697 maradhi yalikwisha wamaliza Wareno waliokuwa ndani. Aliyebaki kuishikilia ngome ni Sheikh Daudi wa Faza, pamoja na jamaa zake 17, wanaume wachache wa Kiafrika na wanawake wa Kiafrika wapatao 50, mpaka meli ya Wareno ilipoleta msaada katikati ya Septemba. Mswahili, Mwislamu, ndani ya ngome ya Mreno, akiwapiga Waarabu. Na huko nje Waswahili wengine wakiwa pamoja na Waarabu. Faza na Pate walikuwa na ugomvi wao wa zamani, na Pate ilikuwa upande wa Oman. Kila mmoja alikuwa na hesabu zake. Wale wanawake 50 nao walikuwa na hesabu zao, ila hakuna aliyewaandika majina.

Na ukombozi wenyewe? Mwaka 1728 Wareno walirudi Mombasa, kwa msaada wa mfalme wa Pate, ile ile Pate. Mwaka 1729 watu wa Mombasa waliwafukuza kwa mikono yao. Baadaye Wamazrui waliopelekwa na Oman wakajitawala humo ngomeni, mpaka Seyyid Said alipowang'oa mwaka 1837. Muda wote huo majahazi yalikuwa yakienda Oman na watumwa kutoka pwani yetu, na baadhi yao waliishia katika mashamba ya mitende. Asali ya tende tunayoichekea pale mlangoni ilikuwa na watu nyuma yake.

Tunajua jawabu linalokuja. "Msifukue makaburi. Tumepokewa nchi hii, tumesomesha watoto, kuna haja gani?" Haja ni kwamba katika basi moja tunakaa sote: mwenye ukoo wa Imamu, mwenye bibi wa Faza, na yule ambaye bibi yake aliletwa na jahazi bila kuulizwa. Aghlabu wote watatu ni mtu mmoja. Mtoto wa namna hiyo ukimpa hadithi ya mkombozi na mkombolewa, atajichagulia babu mmoja na kuwaonea haya waliobaki. Tumeshawaona vijana wa aina hiyo, na wala hatuhitaji kwenda mbali kuwatafuta.

Wala tusiwaache salama wenzetu wa upande wa pili, wale ambao kwao kila baya la pwani lilishuka kutoka jahazi la Oman. Nao waende Fort Jesus wakamuulize Sheikh Daudi alikuwa akifanya nini mle ndani.

Tunachokitaka si kikubwa. Kila ziara iwe na mtu wetu aliyesoma, azungumze kwa Kiswahili mbele ya kaburi la Jabrin kwa dakika 10 kabla ya mtu kutoa kamera. Na wakati wa kurudi, basi lisimame Tanuf, si mbali na Nizwa. Huko hakuna ukarabati. Ni kijiji cha udongo kilichobomolewa katika vita vya Jabal Akhdar miaka ya 1950, wakati ndege za Waingereza zilipokuja kumsaidia Sultani dhidi ya watu wa Imamu. Mwaka 1957 ndege hizo ziliupiga hata mnara wa Nizwa kwa roketi. Mnara ulistahimili. Nyumba za Tanuf hazikuwa na ukuta wa unene ule.