Mashine Haioni, Anayeona ni Mtu

Kuna kasumba iliyoota mizizi katika ofisi nyingi, nayo ni ya kudhani kwamba hospitali imeendelea siku ile sanduku la mashine linapofunguliwa mbele ya wageni waalikwa. Utepe hukatwa, hotuba husomwa, picha hupigwa. Baada ya hapo mashine ya ultrasaundi hufunikwa shuka jeupe, ikamngoja mtaalamu ajaye mara moja kwa juma, au fundi asiyekuja kabisa. Mama mjamzito aliyetembea tangu alfajiri huambiwa arudi Alhamisi. Na katika taarifa ya mwaka jambo hilo huandikwa chini ya kichwa cha mafanikio.

Uchunguzi mmoja uliochapishwa mwaka 2011 ulipitia orodha za vifaa vya tiba zaidi ya 112,000 katika nchi 16 zenye uwezo mdogo, ukakuta kwamba karibu vifaa 4 katika kila 10 havifanyi kazi. Sababu kuu zilizotajwa ni kukosekana kwa mafunzo, udhaifu wa utunzaji na usimamizi, na upungufu wa mahitaji ya msingi kama umeme wa kuaminika. Hakuna hata moja kati ya hizo inayoweza kutiwa katika sanduku na kuletwa kwa meli.

Yafaa ieleweke mashine hii ni kitu gani, maana anayeiogopa na anayeiabudu wote wawili hawaijui. Ndani ya kile kishikio kinachopitishwa tumboni mna vipande vinavyotetemeka vinapopitishiwa umeme, na vinavyotoa umeme vinapotetemeshwa. Msingi wa tabia hiyo uligunduliwa mwaka 1880 na ndugu wawili wa Ufaransa, Jacques na Pierre Curie. Sauti isiyosikika kwa sikio la binadamu, yenye mitetemo milioni kadhaa kwa sekunde, hutumwa mwilini, nao mwangwi hurudi. Mashine haimjui mama wala mtoto. Inajua muda tu. Imeelekezwa kwamba katika nyama laini sauti husafiri mita 1,540 kwa sekunde, kwa hiyo mwangwi ukirudi baada ya sehemu 13 za milioni ya sekunde, huweka nukta penye kina cha sentimita 1. Katika mafuta sauti huenda polepole zaidi, lakini mashine haina habari. Huendelea kupiga hesabu ile ile. Mfupa huirudisha sauti, hewa huizuia kabisa, ndiyo sababu mgonjwa hupakwa jeli. Picha inayotokea ni hesabu, na hesabu huhitaji mtu wa kuihukumu.

Chukua kipimo cha umri wa mimba. Mtoto akipimwa kutoka utosini hadi matakoni katika miezi mitatu ya kwanza, umri hupatikana kwa tofauti ya siku 5 hadi 7. Mama akicheleweshwa mpaka miezi ya mwisho, tofauti yaweza kufika majuma 3. Mashine ni ile ile, umeme ni ule ule. Kilichopotea ni wakati, na wakati huo ulipotelea kwenye benchi la kungojea.

Historia yenyewe inawasuta waabudu mashine. Mwaka 1955 Profesa Ian Donald wa Glasgow, daktari wa wanawake aliyeifahamu rada kutokana na utumishi wake katika jeshi la anga la Uingereza, hakukaa kungoja msaada. Alichukua uvimbe uliokatwa kwa wagonjwa akaupeleka katika kiwanda cha Babcock & Wilcox huko Renfrew, kilichotengeneza boila, ambako mwangwi ulikuwa ukitumika kutafuta nyufa katika vyuma. Pande la nyama ya ng'ombe lilipelekwa pia, kwa kulinganisha. Kisha Tom Brown, mhandisi kijana wa Kelvin & Hughes ambaye hakuwa daktari, alipata habari hizo, akamtafuta profesa, akaunda mashine. Mama mmoja aliyekwisha kuhesabiwa kuwa na saratani isiyotibika alionekana kuwa na uvimbe wa maji katika kifuko cha mayai, ukaondolewa, akapona. Mwaka 1958 Donald, Brown na daktari John MacVicar walichapisha matokeo yao katika jarida la Lancet. Ni dhahiri basi kwamba elimu hii ilizaliwa kati ya karakana na wodi.

Leo wapo wataalamu wanaodai kwamba mkunga akikishika kishikio hicho atawapotosha wagonjwa. Hoja hiyo ina ukweli kidogo na choyo kingi. Katika utafiti mkubwa uliofanyika Kenya, Zambia, Kongo, Pakistani na Guatemala, na matokeo yake kutolewa mwaka 2018, wauguzi, wakunga na watumishi wengine wa vijijini walifundishwa kwa majuma 2, kisha wakasimamiwa kazini kwa majuma 12. Picha zao zilipokaguliwa zilionekana kuwa za kuaminika.

Lakini utafiti huo huo uliwapa silaha watu wa upande mwingine, kwa sababu vifo vya akina mama na vya watoto wachanga havikupungua. Mara wakadakia: mnaona, mashine hizi ni anasa! Je, mashine ilipaswa kufanya nini? Ikionyesha kwamba kondo limetangulia na kuziba njia, ni nani atamleta mama hospitalini, nani atampasua, na damu iko wapi? Kumwonyesha mama hatari iliyo tumboni mwake kisha kumkosesha gari, chumba cha upasuaji na damu, ni kumpa mapema habari za kifo chake. Shirika la Afya Duniani lilipopendekeza mwaka 2016 kila mjamzito apigwe picha mara moja kabla ya majuma 24, halikusema kwamba picha hiyo itashika kisu. Na huko Uhindi, ambako mashine zilitumika kuwabagua watoto wa kike kabla hawajazaliwa, ilibidi sheria itungwe mwaka 1994 kukomesha uovu huo. Mashine humtumikia yeyote aishikaye.

Mwalimu wa fizikia anayefundisha mwangwi kwa mfano wa mtu anayepiga kelele mbele ya mlima hana sababu ya kuishia hapo. Darasani mwake ameketi fundi wa vifaa vya tiba wa kesho, naye hajaambiwa kwamba kazi hiyo ipo. Kwa mtumishi wa serikali anayeandika zabuni, hapana budi karatasi itaje siku za mafunzo na majina ya vyeo vya watakaofundishwa, vipuri vya miaka kadhaa, kijitabu cha matengenezo kisichofichwa na muuzaji, kifaa cha kuhakikishia kwamba sentimita ya mashine ni sentimita kweli, na gari la kumchukua mgonjwa. Zabuni isiyotaja hayo irudishwe kwa aliyeiandika kabla haijafika mezani kwa mwenye kutia saini.