Windows 10 imekwisha, je flashi zetu zitakubali Linux?

Bado nipo hapa Mbeya nahangaika na vibarua vya kuandika. Leo tuongelee kompyuta za kafe.

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida kwa Windows 10, na Windows 11 inakataa prosesa nyingi za zamani. Mashine ninazokaa nazo Mwanjelwa, na hata Iringa mjini, ni za mtumba. Ndio maana washkaji wanauliza: tukihamia Linux, flashi, modemu na printa zitakubali?

Nyingi zitakubali. Ukichomeka kitu, kerneli, yaani kiini cha mfumo, inasoma namba ya mtengenezaji na aina ya kifaa, halafu inatafuta draiva inayolingana. Huzimi wala kuwasha upya. Tena watu wa programu huria hawakubaki nyuma: kerneli 2.6.31 ya Septemba 2009 ilikuja na USB 3.0, kasi ya hadi gigabiti 5 kwa sekunde, wakati USB 2.0 inaishia megabiti 480. Windows ilikuja kuwa nayo ndani yake kwenye Windows 8, mwaka 2012.

Lakini jamani, kuchomeka ni rahisi, kazi iko kwenye kuchomoa. Kerneli huweka data kwanza kwenye memori, halafu inaiandika kwenye flashi polepole. Mwaka jana nilikopi barua ya kuomba kazi, skrini ikaonyesha imemaliza, nikachomoa nikakimbilia basi la Iringa. Kufika kule kwenda kuprinti, faili tupu! Siku ya mwisho ikapita hivi hivi. Sikubofya alama ya kuitoa flashi kwanza, kosa langu mwenyewe.

Kwa hiyo mimi naona tatizo letu si draiva, ni mafunzo na lugha. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili, kwa hiyo inawezekana. Mwenye kafe anayehamia Linux abandike karatasi kila mashine: USICHOMOE KABLA YA KUITOA. Senti chache tu, na mtu hapotezi ajira.

Au nimekosea wadau? Semeni.